UZI MAALUMU: Simba mdogo na Nala mdogo wa The Lion King ya jukwaani. Ni haki kuwashindanisha watoto hawa?

KitiChaNyuma (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna ubishi ulianzia kwenye uzi wa tiketi ukawa unawaharibia watu, nimeona niuhamishie huku. Mdau mmoja kaenda ukumbi wa Lyceum hapa London na familia yake, karudi analalamika kwamba Simba mdogo aliyempata "siyo yule mzuri". Wengine wakadakia, kila mtu na Simba wake, kila mtu na Nala wake, mpaka watu wakaanza kuwapa watoto wa miaka 10 alama, huyu 7, yule 4, kama farasi wa mashindano.

Kwa ambao hawajaiona: hii ni tamthilia ya muziki ya jukwaani, siyo katuni iliyowekewa watu. Ilianza kuonyeshwa Minneapolis Julai 1997, Novemba mwaka huohuo ikaingia Broadway, New York, na hapa London iko Lyceum tangu 1999. Mwongozaji wake Julie Taymor ndiye mwanamke wa kwanza kuchukua Tony, tuzo kubwa ya jukwaa ya Marekani, kwa uongozaji wa tamthilia ya muziki, 1998. Kwa watoto zipo nafasi mbili tu zenye jina, Simba mdogo, mrithi wa ufalme, na rafiki yake Nala mdogo. Ila maonyesho ni 8 kwa wiki na hakuna mtoto wa kuyabeba yote, kwa hiyo kila nafasi ina watoto zaidi ya mmoja wanaopokezana. Unakata tiketi bila kujua utampata yupi.

Hoja yangu ni hii. Mwaka 2006 tuzo ya Olivier, kubwa ya jukwaa la London, ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamthilia ya muziki ilikwenda kwa vijana watatu waliopokezana nafasi ya Billy kwenye tamthilia ya Billy Elliot, kwa mpigo: Liam Mower, James Lomas na George Maguire. New York wakafanya hivyohivyo 2009, Tony moja kwa David Alvarez, Trent Kowalik na Kiril Kulish. Mwaka 2012 ikawa zamu ya tamthilia ya Matilda, wasichana wanne tuzo moja, na Eleanor Worthington Cox akiwa na miaka 10 tu. Watu ambao kazi yao ni kuchagua nani zaidi walishindwa, au walikataa, kuwatenganisha. Sisi wa viti vya juu kabisa, tulioona onyesho moja tena kwa kuchungulia pembeni ya nguzo, tunapata wapi ujasiri?

Karibuni. Matusi hapana.

Kisebusebu

Nakaa hapa mbele kabisa na karanga zangu. Ngoja waje wajuzi.

Mkosoaji_Huru

Mleta mada umeandika vizuri ila hoja yako ya majaji inayumba.

Hawakuwatenganisha kwa sababu nafasi ni moja na wote waliicheza. Mtoto anapokuwa peke yake kwenye nafasi wanampima kama mtu mwingine yeyote na wanampa. Frankie Michaels alichukua Tony 1966 akiwa bado mtoto. Daisy Eagan alichukua 1991 akiwa na miaka 11, na aliwabwaga watu wazima waliokuwa wakishindana naye. Huyo hakupewa kwa huruma. Halafu Matilda ilipofika Broadway 2013, wasichana wanne walipewa heshima ya pembeni badala ya kuingizwa kwenye kinyang'anyiro, na watu wengi walinung'unika kwamba wamepunjwa. Kwa hiyo kuna wanaoona kumtoa mtoto kwenye ushindani ndiko kumdharau.

Mimi nimelipa. Familia ya watu wanne West End, kwenye kumbi kubwa za London, siyo pesa ya vocha. Simba niliyempata aliukimbiza ule wimbo wake wa kutamani ufalme, maneno yakawa yanagongana, na mwanangu ambaye anaujua wote alinigeukia akaniuliza mbona anaharakisha. Sasa hilo nisiliseme kwa sababu ni mtoto? Yuko kazini, analipwa, ametanguliwa na usaili mrefu. Kumkosoa ni kumchukulia kama msanii.

KitiChaNyuma

Mkosoaji, "aliukimbiza wimbo" sina neno nalo. Hilo ni jambo la kazi, kesho anaweza kulirekebisha, na huenda hata siku ileile kuna mtu alimwambia. Mimi nagomba na "yule hafai, ombeni msimpate". Tena mdau aliandika na jina lake kamili. Mtoto huyo baada ya miezi kadhaa ataondoka kwenye onyesho kwa sababu tu amerefuka, lakini sentensi yako itabaki mtandaoni. Akiwa na miaka 15 atajitafuta Google, ataikuta.

MamaBint

Naunga mkono mleta mada kwa asilimia zote. Halafu jamani, mnabishana kuhusu watoto bila kusema wanafanya nini pale. Wengi humu wanadhani wanaimba nyimbo mbili wanaondoka. Wacha niwaeleze maana nimeiona na bado naiota.

Simba mdogo anabeba sehemu kubwa ya nusu ya kwanza. Wanyama karibu wote wanaomzunguka wana kitu cha kujifichia: twiga wako juu ya miti ya kutembelea, Mufasa baba yake na Scar ami yake wana vinyago vinavyoshuka mbele ya uso wakiinama, Timon yule nguchiro anaendeshwa na mtu aliyevaa kijani nyuma yake. Watoto hawana kinyago. Ni uso wao na rangi kidogo. Akibabaika, ukumbi mzima unaona.

Kwenye ule wimbo aliousema Mkosoaji, yeye na Nala wanapandishwa juu ya ndege wakubwa kama mbuni, wanaimba huku wanayumba, rangi zinazunguka kila upande. Jaribu kuimba ukiwa juu ya kitu kinachotembea uone pumzi inavyokata. Baadaye nyumbu. Pale nyuma kuna mitambo inayozunguka yenye nyumbu wadogo, mbele yake wakubwa kidogo, mbele zaidi watu wenye vinyago vikubwa, ili macho yadanganyike kwamba kundi linakuja kutoka mbali. Mbele ya vurugu hiyo yote kuna mtoto anakimbia. Akitoka hapo, analia juu ya maiti ya baba yake, na kilio kile kisipoaminika, nusu ya pili haina maana kabisa.

Halafu wimbo wa Hakuna Matata. Simba mdogo anaingia upande mmoja, na kabla hujakaa sawa Simba mkubwa anakuja anabembea na kamba, wimbo haujakatika. Ukumbi unapiga makofi. Mimi siku ile niliona nusu ya makofi ni ya yule mdogo aliyekwishapotea, ila watu walikuwa wanamtazama mkubwa. Hapo niliumia kidogo.

Kisebusebu

MamaBint umenifanya nione aibu, mimi pale nilikuwa nahangaika na mfuko wa popkoni.

Bint_Makunduchi

Asalaam alaykum. Mie huwa nasoma tu sichangii, lakini hapa naona niseme, maana ndiyo kazi yangu. Ni msimamizi wa watoto wa jukwaani hapa Uingereza, nina kibali cha halmashauri. Onyesho gani sitasema, na majina ya watoto musiniulize.

Mtoto wa umri wa shule haingii jukwaani hivihivi. Halmashauri ya pale anapoishi ndiyo itoayo leseni, na shule huulizwa. Sheria yenyewe mzizi wake ni wa 1963, kanuni zinazotumika sasa Uingereza ni za 2014. Msimamizi mmoja hawezi kushika zaidi ya watoto 12, na kwa kweli maonyesho mengi huweka wasimamizi wengi kuliko hapo. Mtoto wa miaka 9 kwenda juu hatakiwi kukaa ukumbini zaidi ya saa tisa na nusu kwa siku, na huhesabiwa tangu anapopita mlangoni. Akikosa shule kwa ajili ya kazi lazima apate masomo ya saa 3 kwa siku. Mie nina daftari, naandika kaingia saa ngapi, kala saa ngapi, kapumzika saa ngapi. Mkaguzi akija, daftari ndilo analotaka kuliona kwanza.

Mzazi hakai nyuma ya pazia. Hili huwashangaza wengi. Anamleta mtoto mlangoni, mie nampokea, na usiku namkabidhi palepale mkononi mwake.

Sasa munataka kujua wanafanya nini huku nyuma? Wanacheza karata. Chumbani muna kipaza sauti kidogo ukutani kinachotoa kila kinachoendelea jukwaani. Hawakisikilizi, wanapiga kelele, wanagombana nani kaiba karata, mmoja anamaliza hesabu za shule na penseli imetafunwa. Halafu inapigwa ngoma fulani, na wote wawili wanasimama kwa pamoja, karata zinawekwa kifudifudi mezani, hakuna aliyeambiwa kitu. Dakika nne baadaye wako mbele ya watu elfu mbili. Wakirudi wanauliza: "Nani kagusa karata zangu?"

Na hilo la kupokezana. Nyinyi munaliona kama bahati nasibu ya tiketi. Kwetu ndilo linalomfanya mtoto abakie mtoto. Siku isiyo yake yuko kwao, anakwenda madrasa, anakwenda mpira. Kakaukiwa sauti, mwenzake anaingia, hapana anayemkaripia. Kunakuwa na mmoja wa akiba yuko jengoni, kavaa nusu, pengine anakaa onyesho zima bila kuitwa. Huyo ndiye anayenitia huruma mie, si yule aliyekimbiza wimbo.

Wanaijua habari ya kushindanishwa. Wanasoma. Tunawakataza simu chumbani lakini nyumbani kwao zipo. Nishapata mtoto kaniuliza kwa nini watu wa mtandaoni wanampenda fulani kuliko yeye. Nilimpa biskuti. Nilikosa la kumjibu.

Mkosoaji_Huru

Dada Bint, alaykum salaam. Asante kwa hili. Hilo la mtoto wa akiba sikulijua kabisa.

Nabaki na msimamo wangu kwamba kazi inakosolewa. Jina la mtoto nitaliacha. Nitaandika "Simba wa mchana wa Jumamosi" na anayehusika atajijua.

KitiChaNyuma

Nakubali hiyo. Simba wa mchana wa Jumamosi. Twende nayo.

BabaNuru

Salamu kutoka New Jersey. Niongezee ya upande huu wa maji.

Kijana wangu aliwahi kupanga foleni kwenye usaili wa wazi wa tamthilia kubwa ya muziki. Kabla ya wimbo, kabla ya jina, fimbo ya kupimia urefu. Kwa Simba mdogo wa Broadway matangazo huwa yanataka watoto wa miaka 8 mpaka 12 hivi, wasiozidi futi 5, na sauti iwe haijavunjika. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na kipaji cha kutisha akakosa kwa kuwa baba yake ni mrefu. Sisi watu wa ukoo wetu ni warefu. Kijana alitoka anacheka, akaniambia, "Baba, wewe ndiye umenikosesha kazi."

Kuna mdau kwenye uzi ule mwingine aliandika kwamba wazazi wa hawa watoto wanakula jasho lao. Kwa New York sheria iko wazi tangu miaka ya 2000: asilimia 15 ya mapato ghafi ya mtoto, kwa uchache, inawekwa kwenye akaunti ya amana mpaka afikishe miaka 18. California walianza zamani zaidi, 1939, baada ya Jackie Coogan, mtoto nyota wa filamu za kimya, kukuta akiwa mtu mzima kwamba pesa zake karibu zote mama yake na baba wa kambo wameshazila. Haizuii kila ujanja, lakini siyo shamba la bibi.

Halafu msisahau Caleb McLaughlin, yule Lucas wa Stranger Things ya kwenye televisheni. Alikuwa Simba mdogo hapa Broadway kuanzia 2012. Tom Holland naye alikuwa Billy Elliot London kabla hajawa Spider-Man. Ndiyo maana foleni za usaili hazipungui.

MamaBint

Kaka BabaNuru, hao wawili kila mtu anawataja. Kwa kila Caleb kuna watoto wangapi waliocheza nafasi ileile na leo ni manesi, ni madereva, ni walimu wa hesabu? Na hao sioni kama walipoteza. Mimi ningependa kumpata mmoja wa hao humu kuliko mahojiano kumi ya Tom Holland.

BabaNuru

Hapo umenibana. Kweli.

FundiTaa

Niaje wadau, Nairobi hapa. Mimi ni mtu wa taa za jukwaa, nimezeeka kwenye giza la nyuma.

Nawasoma mkihesabu saa tisa na nusu na daftari la mkaguzi, nacheka tu. Hapa Kenya tuna watoto wengi wa jukwaani kuliko hao wa London, ila hatuwaiti hivyo, tunawaita wanafunzi. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo linaanzia mashinani, linapanda kaunti, linapanda mkoa, mpaka fainali. Mtoto wa darasa la tano anasimulia hadithi peke yake dakika kadhaa mbele ya ukumbi uliofurika, hana kipaza sauti, hana mwenzake wa kupokezana naye, na mwalimu amekaa mstari wa pili anatamka kila neno kwa midomo. Basi la shule limesafiri usiku kucha. Wakishinda, wanapelekwa kutumbuiza mbele ya Rais.

Sasa wao hushindanishwa wazi. Kuna majaji, kuna alama, kuna nafasi ya kwanza na ya mwisho, na mtoto anasomewa alama zake mbele ya umati. Tumelelewa hivyo. Ndiyo maana, Mkosoaji, nadhani mimi na wewe tunakaa kwenye kiti tukishika kalamu hata pale tuliponunua tiketi ya kustarehe.

Na mnakumbuka Nakuru, Aprili 2025. Wasichana wa shule ya Butere walizuiwa kuonyesha tamthilia yao, mahakama ikasema waonyeshe, wakafika, mwishowe waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, na mabomu ya machozi yakarushwa nje. Wale nao ni watoto wa jukwaani. Msimamizi mwenye kibali alikuwa wapi?

Kisebusebu

FundiTaa, hilo la Nakuru lifungulie uzi wake, hapa litatuzamisha. Ila umegusa penyewe.

FundiTaa

Sawa mkuu, naliacha. Nirudi kwenye nyimbo basi.

Tamthilia ya muziki iliyotushika sisi wa huku haikuwa ya simba, ilikuwa Sarafina! Iliundwa na Mbongeni Ngema, ikaonyeshwa Market Theatre, Johannesburg, 1987, na mapema 1988 ikawa Broadway. Ngema aliwakusanya vijana wa vitongojini ambao wengi hawakuwahi kukanyaga jukwaa kubwa. Leleti Khumalo, aliyemcheza Sarafina mwenyewe, alikuwa kijana mdogo kabisa alipotajwa kuwania Tony. Filamu yake ilipotoka 1992, kanda zake zilizunguka kila mtaa hapa, shule nzima zilikuwa zikiimba. Kila nikimtazama Nala mdogo akiwa juu ya yule mbuni, namwona yule msichana na sare yake nyeusi. Ukitoa wanyama, ni kazi moja: mtoto mweusi anabeba tamthilia, na watu wazima wanamfuata nyuma.

MamaBint

Na hapo ndipo The Lion King inaponishika mimi. Kuna maonyesho mangapi makubwa ya London ambapo nafasi za watoto tangu mwanzo zimekusudiwa watoto kama wetu, miaka nenda rudi, siyo mmoja wa kupamba kona? Luke Youngblood, yule mtangazaji wa mchezo wa fagio kwenye filamu za Harry Potter, alikuwa kwenye kundi la kwanza la Simba wadogo pale Lyceum. Tangu hapo nafasi ile imepita mikononi mwa watoto wengi.

Mkosoaji_Huru

FundiTaa, hilo la kushika kalamu limenipata. Mama yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, Morogoro. Nyumbani kwetu hata kuimba bafuni ulikuwa unapewa maoni.

Mgeni_Mpya

Samahani wakuu, mimi nina swali la kawaida tu. Tunakwenda Desemba, mimi, mke wangu na watoto. Kuna njia ya kujua mapema Simba mdogo wa siku hiyo ni nani? Binti yangu ana rafiki wa darasani ambaye dada yake anacheza Nala.

Bint_Makunduchi

Mapema, kwa kawaida, hapana. Ratiba ya watoto haitangazwi, na hata ikipangwa hubadilika siku ileile, mtoto kaamka na homa basi. Kumbi nyingi huweka ubao wa majina ya siku pale ukumbi wa mbele, tazama ukiingia. Huyo dada anaecheza Nala mwenyewe ndiye anaejua zamu zake, mwulizeni mamake.

Na mukimngoja kwenye mlango wa wasanii, msimamizi akisema "leo basi", mukubali. Ni usiku, kachoka, kesho ana shule. Musimpige picha bila ya mamake kuridhia.

Mgeni_Mpya

Ahsante sana shangazi. Nitaleta mrejesho.

Kisebusebu

Mrejesho bila alama tafadhali. Na popkoni nunua kabla hujaingia, mle ndani bei si ya dunia hii.